Kuvuka mpaka asubuhi na kurudi jioni: mji mdogo upande wa pili, nijipange vipi?

Msafiri Mwepesi:

Wakuu, habari zenu. Kuna mji mdogo ng'ambo ya mpaka, kama kilomita 30 kutoka kituo cha uhamiaji. Hauna makubwa: mitaa michache, soko, na utulivu, na huo utulivu ndio tunaoufuata. Tunataka kwenda na kurudi siku hiyohiyo, hakuna kulala. Tuko watu wazima wawili na mtoto wa miaka 9, ambaye ni wa dada yangu. Kituo kinafunguliwa 6:00 na kufungwa 18:00.

Naomba mwongozo kwa mambo haya: karatasi gani zinatakiwa, twende na gari letu au la abiria, fedha na simu tufanyeje, na tuanze kurudi saa ngapi.

Njia Panda:

Mkuu, swali lako la mwisho ndilo la kwanza. Safari ya siku moja hupangwa kuanzia mwisho kurudi mwanzo, kwa sababu lango la mpaka halimsubiri mtu. Nitaandika kwa mtindo wa saa 24 kama ulivyoandika wewe, tusichanganyane.

Lango linafungwa 18:00, kwa hiyo uwe kwenye foleni 16:00. Saa mbili hizo si za ziada. Kwanza, mabasi ya masafa marefu yakifika mawili kwa pamoja, foleni ya watu kumi inakuwa ya watu mia. Pili, mtandao wa uhamiaji ukikatika, kila kitu husimama hadi urudi. Tatu, wapo maofisa wanaofunga dirisha kabla ya saa kamili ili kumaliza waliokwisha kuingia ndani.

Kilomita 30 kwa gari la abiria linalosimama kila kituo ni dakika 45 hadi 60. Ongeza nusu saa hadi dakika 45 za kusubiri lijae. Hapo unatakiwa uwe standi ya mji ule 14:15. Watu wengi huteleza kwenye kipengele hiki: mji mdogo magari hujaa haraka asubuhi, mchana yanazidi kupungua, na jioni linabaki moja linalosubiri abiria wa mwisho. Mkishuka tu asubuhi, kabla hamjaenda popote, muulizeni kondakta gari la mwisho kwenda mpakani huondoka lini, kisha muulizeni na mtu mwingine pale standi. Majibu yakitofautiana, shikeni la mapema.

Asubuhi mkiwa mpakani 6:30, pande zote mbili zikachukua saa moja, gari likajaa kwa nusu saa, mtaingia mjini kama 9:00. Mnabaki na saa tano na kidogo. Kwa mji wa mitaa michache zinatosha kabisa. Lakini kama kutoka kwenu hadi mpakani ni zaidi ya saa tatu, mimi ningeshauri mlale upande wenu wa mpaka usiku wa kuamkia safari. La sivyo mtafika mchana, mtazunguka saa mbili, mtageuza.

Angalieni pia kama saa za nchi mbili zinalingana. Tanzania na Malawi zimepishana saa moja, vivyo hivyo Tanzania na Rwanda au Zambia, na Hispania na Ureno. Tuseme pande zote hufunga 18:00, kila mmoja kwa saa yake. Ukiwa unarudi Tanzania kutoka Malawi, 17:15 ya Malawi unajiona bado mapema, kumbe upande wa nyumbani ni 18:15 na lango limeshafungwa. Utapigwa mhuri wa kutoka, halafu ukose pa kuingia. Simu nayo hujibadilisha saa yenyewe, na karibu na mpaka hurukaruka kulingana na mnara ilioushika. Zima saa ya kujirekebisha, ibaki kwenye saa ya nyumbani siku nzima.

Mkipata nafasi ya kuchagua, nendeni siku ya gulio. Magari ni mengi na mji unachangamka.

Dirisha la Tatu:

Nijaze upande wa karatasi.

Kwa siku hiyo moja mtapita mikono minne: kutoka kwenu, kuingia kwao, kutoka kwao, kuingia kwenu. Wengi hukumbuka miwili. Mkono unaorukwa sana ni wa tatu, kwa sababu mtu anajiona yuko njiani kurudi nyumbani na ofisi ya kutoka inaweza kuwa jengo la pembeni lisilo na kizuizi. Ukirudi bila mhuri wa kutoka, kumbukumbu za nchi ile zinaonyesha bado uko ndani. Safari ijayo utaulizwa kwa nini ulizidisha muda, na huko faini haibembelezi.

Penye kituo cha pamoja cha mpakani, maofisa wa nchi mbili hukaa jengo moja, na jengo lenyewe huwa upande unaoingia. Yaani ukitoka kwenu unapita moja kwa moja bila kusimama, kisha unagongewa kutoka na kuingia kwenye madirisha mawili yanayofuatana. Msiogope kupita jengo la upande wenu, hivyo ndivyo mfumo ulivyo. Ila hakikisheni kwanza kwamba kituo chenu ni cha aina hiyo. Penye vituo vya kizamani kuna majengo mawili na ardhi katikati, wakati mwingine mita mia tatu, wakati mwingine kilomita kadhaa, na kutembea hapo katikati huku umesahau mhuri wa kwanza maana yake ni kurudi ulikotoka.

Kabla hujaondoka dirishani, fungua pasipoti usome mhuri: tarehe ni ya leo? Umepewa siku ngapi? Ni mhuri wa kuingia au wa kutoka? Ofisa akiwa hapohapo, kosa hurekebishwa kwa dakika moja. Ukiwa umeshafika mjini ni safari nzima kurudi.

Kuhusu pasipoti yenyewe, nchi nyingi hutaka iwe na uhai wa miezi sita mbele. Eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, hutaka miezi mitatu baada ya siku unayopanga kutoka, na iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Kurasa tupu ziwe angalau mbili. Nchi jirani zinaweza kuwa na makubaliano ya kutumia kitambulisho: Kenya, Uganda na Rwanda hukubali vitambulisho vya taifa vya raia wao tangu 2014. Lakini hilo ni la raia. Mgeni anayeishi kwenye mojawapo ya nchi hizo bado anahitaji pasipoti yake.

Kama kati yenu kuna anayeishi huko mliko kwa visa, atazame kama ni ya kuingia mara moja. Kwa kawaida akivuka tu, hata kwa dakika kumi, visa hiyo imekwisha kazi, na jioni atatakiwa kuomba nyingine akiwa amesimama nje. Na mwenye siku za kuhesabu ajue kwamba siku ya kuingia na siku ya kutoka zote huhesabiwa. Kwa Schengen, ambako ni siku 90 ndani ya 180 zozote, safari ya saa tano inakula siku nzima moja.

Sasa mtoto. Huyu ndiye atakayeulizwa kuliko ninyi wote. Mtoto asiye na mzazi wake safarini anahitaji hati yake mwenyewe ya kusafiria, cheti cha kuzaliwa, na barua ya ridhaa ya wazazi. Barua itaje jina la mtoto na tarehe ya kuzaliwa, majina yenu na namba za pasipoti zenu, nchi mnayokwenda, tarehe ya kwenda na kurudi, namba za simu za wazazi, na saini. Ambatisheni nakala za vitambulisho vya wazazi. Ithibitishwe na wakili au kamishna wa viapo. Kuna vituo ambavyo barua isiyo na muhuri wa mwanasheria haisomwi hata mstari wa kwanza. Dada yako awe na simu mkononi asubuhi hiyo, maana ofisa anaweza kupiga palepale.

La mwisho, cheti cha homa ya manjano kama nchi yoyote kati ya hizo mbili inakitaka. Hiyo "yoyote" ni muhimu: pengine mnakokwenda hawakiulizi, lakini mkirudi nyumbani mkaulizwa. Chanjo huanza kutambulika siku ya 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo kuchanja juzi yake hakusaidii. Cheti chenyewe ni cha maisha tangu Julai 2016, hata kama kimeandikwa miaka 10.

Fundi wa Barabarani:

Gari liacheni. Kwa siku moja halilipi.

Gari likivuka, linaingizwa nchini kwa muda, na hapo mna kazi ya forodha juu ya ile ya uhamiaji: kadi halisi ya gari, barua ya idhini ya mwenye gari kama si lenu (au barua ya benki kama lina mkopo), kibali cha muda, na bima inayotambulika upande wa pili. Kwa nchi zilizo kwenye mpango wa bima wa COMESA (soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika) ni Kadi ya Njano, kwa Ulaya ni Kadi ya Kijani. Kadi ya Njano inabeba madhara kwa mtu wa tatu. Gari lako likigongwa au likiibiwa, kadi hiyo haihusiki, na bima yako kubwa ya nyumbani mara nyingi huishia mpakani isipokuwa umeomba iongezwe kwa maandishi. Gari la kukodi ni gumu zaidi: mikataba mingi inakataza kuvuka bila barua ya kampuni.

Kibali cha muda kina mtego wake. Jioni ni lazima kifungwe, yaani forodha ya kule iandike kwamba gari limetoka. Mkipita kwa haraka bila kukifunga, kwa kumbukumbu zao gari bado liko kwao na linadaiwa ushuru.

Bado hamjaendesha. Ukitoka Tanzania kuingia Rwanda au Burundi, au Kenya kuingia Ethiopia, unahamia upande wa kulia wa barabara. Mahali pa hatari si pale mpakani ambako kuna alama kubwa, ni baada ya kusimama: unatoka kwenye maegesho mtaa mtupu, hakuna gari la kukukumbusha, mkono unakupeleka upande uliouzoea. Taa nazo zimetengenezwa kumulika zaidi ukingo wa barabara ya kwenu, kwa hiyo jioni zitakuwa zinawachoma macho wanaokuja mbele.

Njia rahisi: endesheni hadi mpakani, egesheni upande wa nyumbani mahali penye mlinzi na risiti, vukeni kwa miguu, pandeni gari la abiria la kule. Basi linalovuka mpaka linaonekana la starehe, lakini linasubiri abiria wake wote. Mmoja akikwama dirishani, wote mmekwama. Na ninyi wenye mtoto mkikwama, linaweza kuondoka. Mkilipanda hata hivyo, pigeni picha namba yake ya usajili likiwa bado upande wenu, mbali na majengo ya mpaka. Vituo vingi haviruhusu kupiga picha na simu inaweza kuchukuliwa.

Msafiri Mwepesi:

Asanteni sana. Gari linabaki. Barua ya mtoto nitaishughulikia wiki hii, sikujua habari ya wakili. Fedha na simu je? Na nimesikia watu wa mpakani wana pasi yao, sisi tunaweza kuipata?

Bi Sokoni:

Fedha kwanza. Kabla hujatoka nyumbani tafuta kiwango cha siku hiyo na ukiandike kwa namna ya kutumia: noti yako moja kubwa ni sawa na ngapi za kule. Usisimame mpakani ukianza kupiga hesabu, maana wapiga dili wanakuja na kikokotoo chao na hicho kikokotoo wanakijua wao. Mchezo wa kawaida ni noti iliyokunjwa katikati ya bunda ihesabike mara mbili, au "nimekosea, nirudishie" kisha bunda linarudi limepungua. Mwingine ni kupewa noti za zamani zilizokwisha kuondolewa kwenye mzunguko. Nenda duka la kubadilisha fedha lenye risiti, badilisha ya nauli kwenda na kurudi, chakula na akiba kidogo, basi. Nauli ya kurudi itengeni mfuko mwingine tangu asubuhi.

Mji mdogo unaweza kuwa na mashine moja ya benki, na ikiisha fedha siku ya mwisho wa mwezi ndiyo imekwisha. Mashine au duka likikuuliza ulipe kwa sarafu ya nyumbani kwako au ya pale, chagua ya pale. Ukichagua ya nyumbani, kiwango wanapanga wao na kina faida yao ndani. Sarafu za chuma zimalizeni kabla ya kurudi, maduka ya fedha hayazipokei.

Malipo yoyote ya mpakani yafanyike dirishani, kwa risiti. Anayekuja kukushika mkono nje akisema atakusaidia kugonga mhuri haraka ni kishoka. Hana dirisha, na pasipoti usimpe.

Simu: zima data ya nje (roaming) kabla hujafika mpakani, si baada ya kuvuka. Minara ya jirani hufika kilomita kadhaa ndani ya nchi yako, na simu ikipoteza mtandao wa nyumbani hujishikiza huko na kuanza kukata salio. Chagua mtandao wako kwa mkono. Ramani ya mji ule ipakueni nyumbani mkiwa na intaneti nzuri, isomeke bila mtandao. Laini mpya kwa siku moja ni usumbufu: usajili wenyewe unataka pasipoti na foleni. Kama mna huduma ya malipo ya simu, jaribuni kuuliza kampuni yenu kama inafanya kazi ng'ambo. Mara nyingi salio lipo na kutoa huwezi.

Mizigo: mfuko mmoja mdogo kila mtu. Mifuko ya plastiki muiache nyumbani. Rwanda iliipiga marufuku 2008, Kenya Agosti 2017, Tanzania Juni 2019, na hukaguliwa palepale mpakani. Kompyuta au kamera ya bei kubwa, hasa ikiwa mpya, iandikisheni forodha mnapotoka au bebeni risiti yake, jioni msije mkaambiwa mmeinunua ng'ambo. Dawa za mtoto ziwe kwenye pakiti yake yenye jina, na karatasi ya daktari kama ni za kudhibitiwa. Mnaporudi, msibebe nyama mbichi, maziwa, mbegu wala miche. Hivyo ndivyo vinavyozuiwa kwanza, kwa sababu ya magonjwa ya mifugo na mimea.

Na hapa namkatalia Njia Panda. Siku ya gulio msiende. Magari ni mengi, kweli, lakini foleni ya forodha inajaa wafanyabiashara wenye magunia, na mnachotafuta ni utulivu. Nendeni katikati ya wiki siku isiyo na soko.

Njia Panda:

Bi Sokoni, foleni nakubali. Lakini siku isiyo na soko kwenye mji mdogo gari la kurudi linaweza kuchukua saa nzima kujaa, na hapo ule muda wa 14:15 hautoshi, wawe standi 13:30. Au walipe viti vilivyobaki gari liondoke, jambo ambalo kwa watu watatu si baya. Siku za kuepuka kabisa ni sikukuu za nchi ile. Kalenda yenu haizionyeshi. Na siku za uchaguzi, kwa sababu mipaka inaweza kufungwa kwa tangazo la siku moja.

Dirisha la Tatu:

Kuhusu pasi ya mpakani: ni ya wakazi wa ukanda wa mpaka tu, na inathibitishwa na serikali ya mtaa au kijiji unakoishi. Hata ukiipata, ina kikomo cha umbali. Kwa mipaka ya nje ya Umoja wa Ulaya, kwa mfano, ukanda huo ni kilomita 30, na hauzidi 50 hata pale wilaya inapoendelea mbele. Kwingine kila nchi ina kipimo chake. Mji wenu uko kilomita 30 kutoka kituoni, yaani uko palepale kwenye ukingo. Ukikutwa nje ya ukanda na pasi ile, unahesabiwa kama mtu aliyeingia bila ruhusa. Tumieni pasipoti. Msiokuwa nayo, ombeni hati ya dharura ya kusafiria kwenye ofisi ya uhamiaji ya kwenu, lakini ulizeni kwanza kama nchi mnayokwenda inaipokea na kama inaruhusu safari zaidi ya moja.

Msafiri Mwepesi:

Nimeelewa. Swali dogo la mwisho: mkikosea hesabu mkakuta lango limefungwa?

Dirisha la Tatu:

Kama hamjagongewa kutoka, rudini mjini mkalale. Mko kihalali mradi siku mlizopewa asubuhi zinatosha, ndiyo maana mhuri wa kuingia msiuombe "wa leo tu" hata ofisa akiuliza mnakaa muda gani. Mwambieni mnatarajia kurudi leo, ila ombeni siku mbili au tatu. Kama mmeshagongewa kutoka na upande wa pili umefungwa, rudini dirisha lilelile mara moja mkaeleze. Ofisa wa zamu anaweza kufuta mhuri ule na kuandika juu yake. Msivuke kwa njia ya pembeni hata mkiona wenyeji wanapita hapo na vikapu vyao.

Bi Sokoni:

Na barua ya mtoto iandikeni tarehe ya kurudi iwe na siku mbili mbele kwa sababu hiyohiyo. Mkilala bila kupanga, barua iliyokwisha jana itawaletea maswali kuliko lango lililofungwa.